Namna Watasema Alitoka mu Kasha

Nianze na aibu yangu, juu hata nikiificha mutaisikia kwa wamama wa soko: mimi Papa Anaklet, mutu mwenye wajukuu, sentinele, mulinzi mukubwa wa depo ya mupunga hapa Kasongo, walinikuta mchana kweupe ninalala ndani ya kasha ya imbwa. Mulango ilikuwa imefungwa kwa inje. Magoti yangu yalikuwa chini ya kidevu. Wamama wenye kuleta mupunga walisimama mu mustari wananiangalia kupitia mbao, kama vile mutu anaangalia kuku wa kununua, na mumoja akauliza kama nataga.

Sasa mumeshajua. Hakuna tena kitu mutu atanitishia nacho, naweza kuandika kwa raha.

Wadogo zangu wenye mumebaki kwenye depo, mulisema niwaandikie kazi yangu mbele sijaisahau. Mambo ya mushahara na ya kupandishwa cheo nayaruka: ni ya huzuni, na tena ni mafupi. Nitaandika kazi yenyewe. Maandiko yangu mutayavumilia. Nilifika mwaka wa tano wa primeri, mwalimu akasema nirudilie, nami nikarudilia nyumbani.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Kalume, mwenye alichunga ile depo tangu mimi niko mutoto wa kubebwa mugongoni. Alinipa tochi, filimbi na bote za kuvaa miguuni. Bote zilikuwa kubwa kabisa: nilikuwa nageuka mimi, zenyewe zinabaki zinaangalia mbele. Mawe ya tochi, zile betri, alinionyesha namna ya kuyaanika kwa jua mchana ili usiku yapate nguvu kidogo. Filimbi nilipuliza, ikatoka upepo tu.

"Mzee, hii filimbi hailie."

"Najua," akasema. "Mwizi akikuona unapuliza, atajua uko kazini. Inatosha."

Yeye njo alinifundisha kukohoa. Sentinele mupumbavu, alisema, anatembea kimya ili amukamate mwizi. Sasa ukishamukamata utamufanya nini, na yeye ana panga, wewe una filimbi ya upepo? Mbele ya kugeuka pembe ya nyumba, kohoa. Mwizi atasikia, atakimbia, kila mutu atarudia kwao muzima. Nilikohoa miaka yote ya kazi. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, alikuwa ananitengenezea dawa ya tangawizi mpaka akachoka, hakujua kama ile ni teknike ya kazi.

Ya imbwa pia ni yeye. Chakula cha imbwa kitoke kwa mukono moja tu, kila siku ule ule. Na hii muishike vizuri: ukitaka kumugombeza imbwa, usimwite jina. Jina liwe la mambo mazuri peke yake, chakula na kukwaruzwa masikio, ili siku ya hatari ukiliita akuje mbio. Mzee Kalume alipochoka na kazi alirudi kwao Nyangwe, akaanza kuvua samaki kwenye Lualaba. Mimi nikabaki mukubwa wa masentinele. Ukubwa ule ulinifikia juu hakukuwa mutu mwingine.

Basi nifike kwa Watasema, juu najua njo yeye mumengojea.

Mama Mwamini, patroni wetu mwenye depo, munamujua: mwanamuke wa Kiislamu, anasali sala zake zote, na akisema neno mu depo hata mashini ya kukoboa mupunga inasikia. Alikuwa anasafiri mpaka Kabambare na Wamaza kununua karanga. Kule akaona imbwa za wawindaji, akapenda akili yao, akaagiza moja. Bosko, motari wake, njo alimuleta, mudogo kama ndizi, ndani ya kasha ya mbao iliyofungwa nyuma ya pikipiki na kamba za mipira. Mvua iliwapiga njia yote. Bosko alifika ana matope mpaka mu meno, amesukuma pikipiki kuliko alivyoipanda. Imbwa alifika mukavu, analala.

"Huyu ananidharau," Bosko akasema. "Nimeanguka mu mashimo, nimelia, nimeita jina la mama yangu. Yeye anakoroma tu."

Kwa shingo alikuwa na kengele ya mti, kubwa kuliko kichwa chake. Imbwa za kule hazibweki kama hizi za huku. Mu pori muwindaji anajua fasi imbwa iko kwa kusikia kengele. Wakati ingine anatoa sauti, lakini ni kama mutu wa korale ya kanisa mwenye amekosa noti.

Tukamuuliza Mama Mwamini jina. Akafikiri. "Watu watasema Mama Mwamini, na sala zake zote, leo anafuga imbwa. Basi mumwite Watasema, wamalize." Akaweka sheria moja tu: imbwa asiingie mu depo fasi ya muchele. Inje yote ni yake.

Sasa niwajulishe rafiki yangu Fundi Saidi, juu nyinyi wapya hamukumukuta. Alikuwa seremala wa depo, mutu mupole, anatengeneza milango, meza za mizani, kila kitu chenye kuyumba. Yeye imbwa hakumugusa hata siku moja.

"Kaka, ule mudomo wa maji ukinigusa, natawaza upya, na sala iko karibu," alikuwaka anasema. Lakini kila asubuhi swali lake la kwanza: "Mutoto ameamkaje?"

Kasha tuliiweka inje, karibu na mulango wa depo, imeegemea ukuta wa chumba cha mashini. Mwanzoni nilimuacha Watasema alale mule ndani, na hata leo nasema haikuwa vibaya. Imbwa mudogo akilala mu kasha hapotei, hatafuni magunia, na hajisaidii fasi analala. Lakini anakua! Mimi nilisahau ile sehemu. Siku moja natazama, mudomo unatoka upande huu, mukia unatoka upande ule, kasha imemukaa kama shati ya mudogo wake. Akijigeuza, kengele inagonga mbao, nyumba yote inatikisika. Na hakutaka kulala fasi ingine. Mchana alilala mule. Jua likizama, saa ya kuanza kazi, anabaki mule mule, akisikia kitu anaimbia ndani.

Mama Mwamini akamukuta vile mangaribi moja. Akasimama, mukono kwa kiuno.

"Papa Anaklet, hii ni imbwa ama ni redio?"

"Ni imbwa, Mama."

"Mwizi atafunga ile ndoano ya mulango wa kasha tu, ataendelea na kazi yake, na hii itamupigia muziki. Sikia. Bosko ameenda Kabambare kuchukua karanga. Siku atarudi, kama huyu bado analala mu kasha, anamurudisha kwa wawindaji kule Wamaza. Wao wanajua kumutumikisha."

Nikajibu "Ndiyo, Mama," kama mutu mwenye hana shida. Kumbe nilikuwa nimekwisha. Ile imbwa ilikuwa inajua kikohozi changu! Watu kumi wanakohoa mu soko, hasogei. Nakohoa mimi mbali kule kwa barabara, kengele inaanza kulia. Hakuna mutu mwingine mu maisha yangu mwenye alifurahia kikohozi changu. Nyumbani nikamuambia bibi yangu kama imbwa akienda ni sawa tu, ni imbwa. Akaangalia sahani yangu ya majani ya muhogo. "Ni sawa tu, lakini sombe hujaigusa."

Nikaanza kumutosha mu kasha, atoke alale inje. Kwanza nilifunga mulango akiwa inje. Akapanda juu ya kasha, akaimba mpaka wamama wa mupunga wakaniomba nimurudishe, masikio yao yanauma. Kisha nikaweka kichwa cha samaki mbali kidogo, kwa kumuvuta. Akatoka vizuri, na heshima, akakamata kichwa, akaingia nacho. Sasa kasha ikawa inanukia samaki, akaipenda mara mbili.

Nikatuma swali kwa Mzee Kalume, kupitia mama mumoja muuza samaki wa Nyangwe. Jibu likarudi na samaki wake: "Mwambie yule muzuzu asitoshe imbwa mu kasha. Atoshe kasha kwa imbwa. Ubao moja, angoje imbwa azoee, kisha ubao ingine. Mwisho imbwa ataamka ajikute inje bila kujua."

Nikasema, haya njo mafundisho! Asubuhi nikimaliza zamu, natosha ubao moja, nampa Mama Sifa mwenye kupikia wafanyakazi, anawasha nayo moto wa kupika sombe. Naenda nyumbani kulala. Nangoja, natosha tena. Nilikuwa nahesabu kwa kichwa, na kwa kichwa changu kasha ilikuwa karibu kwisha.

Lakini mangaribi narudi, naona kasha nzima. Nasema, labda macho. Natosha ingine. Narudi, nzima! Tena si nzima tu, imekuwa ndefu. Nilipima na panga yangu: jana ilikuwa inafika hapa, leo inapita. Imbwa anakua, na kasha inakua. Mutu mwenye diplome angetafuta sababu. Mimi nilifikiri: njo hivi wazimu unaanzaka, na primeri sikumaliza, hata daktari sitaweza kumueleza.

Nikaenda kwa Fundi Saidi, rafiki wa kweli, nikamuambia kwa sauti ya chini: "Fundi, ile kasha inaota mbao kama muhogo."

Hakushangaa. Akatabasamu kama mutu mwenye kusifiwa, akainama kwa randa yake. "Ah, kaka. Kitu kidogo tu."

Kitu kidogo! Nikaona hata yeye ananihurumia. Nikarudi nikaendelea kutosha mbao. Mbao mupya zilikuwa ngumu kuliko za zamani, nilivunja mupini wa nyundo.

Asubuhi moja habari ikafika: Bosko ameonekana, amevuka mito yote, leo leo anaingia Kasongo. Zamu yangu ilikuwa imekwisha lakini miguu haikutaka kwenda nyumbani. Watasema alikuwa amemufuata Mama Sifa kwa makombo. Nikasema, mbele hawajamukamata, niingie mule ndani nione mutu ama shetani mwenye kutia hizi mbao. Nikavua koti, juu nayo nisingepita, nikaitupa chini kwa ukuta. Nikaingia na kichwa, kisha mabega, kisha nikakunja ile yenye kubaki. Mimi ni mutu mufupi, na ile kasha ilishakuwa nyumba.

Ndani nikaona misumari mupya inang'aa, imepigwa mustari sawa sawa. Shetani hana mukono muzuri vile. Nilikuwa bado nafikiria, mashini ya kukoboa ikawashwa upande wa pili wa ukuta. Na hapa, wadogo zangu, nikasikia kitu. Ukuta ulianza kutetemeka, polepole. Mbao zikatetemeka nao, mbavu zangu nazo. Mmmmmm, kutoka kichwa mpaka kwa miguu. Ilikuwa kama kubebwa. Ilikuwa kama uko nyuma ya pikipiki, mutu mwingine anateseka na njia, wewe huna kazi.

Nikaelewa. Huyu mutoto hakupenda kasha hata kidogo! Alimuacha mama yake kule Wamaza, na kitu kilimunyamazisha njia yote ni ile kutetemeka ya pikipiki ya Bosko. Huku aliikuta tena kwa ukuta wa mashini, na usiku alikuwa anaingojea mule mule. Tungemuwekea gunia tu kwa ule ukuta, ingetosha. Nikataka kutoka mbio niseme. Lakini nilikuwa nimekesha, na ukuta ulikuwa unaimba. Nikasema nifunge macho kidogo, nipange maneno vizuri.

Niliamushwa na kicheko.

Kupitia mulango nikaona, kwa kufuatana: miguu ya wamama, pikipiki, Bosko na mipira yake ya kufungia mizigo mukononi, na kanga ya Mama Mwamini. Nikasukuma mulango. Ndoano ilikuwa imefungwa.

Bosko akainama, akanichungulia. "Mama, mulinipigia simu nije kubeba imbwa. Huyu hata na njia nzuri nisingemubeba."

"Anataga?" akauliza ule mama mwenye nimewaambia.

"Bado, ameingia leo tu," akajibu mwenzake.

"Papa Anaklet," Mama Mwamini akaanza, na ile sauti yake ya mashini, "imbwa yangu iko wa..."

Akakata. Akanyoosha kidole mbele ya mudomo. Watu wote wakageuka kwa ukuta, hata Bosko. Mimi nikageuza shingo kidogo ile yenye niliweza, nikaangalia kati ya mbao mbili.

Watasema alikuwa inje. Analala juu ya koti yangu, mugongo umeshika ukuta, kengele imeanguka kando ya sikio, miguu ya nyuma imelegea kama nguo kwa kamba. Kati ya watu wote wale, na jua lile, na kicheko chote kile, analala kama yeye njo mwenye depo.

"Amelala inje," Mama Mwamini akasema polepole. Tangu nimujue, sikuwahi kumusikia akiongea polepole.

"Sasa mimi nafunga nani kwa pikipiki?" Bosko akanongona.

"Rudisha mipira yako. Imbwa anabaki."

Wamama wakataka kupiga vigelegele, akawakataza na macho. Wakapiga makofi ya vidole viwili, bila sauti. Mimi nilikuwa nalia na kucheka ndani ya kasha, na hakuna hata fasi ya kuinua mukono nipanguse macho.

"Mama, sasa munifungulie."

Mama Mwamini akaangalia ndoano, akaangalia imbwa. "Ile ndoano inalia, Papa. Ukimuamusha nitakufunga tena mimi mwenyewe. Ngoja aamke."

Na nikangoja! Wakaendelea kupima mupunga mbele yangu, wanatembea kwa vidole. Bosko akakaa chini ananipa habari za Kabambare kupitia mbao. Mama wa kutaga akaniingizia muhindi wa kuchoma, nikautafuna polepole, juu nilisikia hata meno yangu yana kelele. Watasema alipoamka, alijinyoosha, akanikuta mu kasha yake, akanusa pua yangu kati ya mbao, akaenda kukojoa. Kwake mambo yalikuwa sawa.

Kwa nyinyi wenye mutafuga wengine, mufanye hivi. Koti niliiacha palepale kwa ukuta. Kila akizoea, naivuta kidogo kuelekea mulango wa depo, upana wa mukono, si zaidi. Kasha tuliigeuza ikatazama upande mwingine, kisha tukaiondoa, hata hakuiangalia. Mchana ukuta unamulaza. Mangaribi mashini inazimwa, ukuta unanyamaza, na yeye anaamka, anazunguka uzio wote na kengele yake. Mpaka leo anafanya vile, njo munasikia. Koti haikurudi kwangu tena. Mvua ilinipiga musimu muzima, nikakohoa kweli, safari hii bila teknike, na bado kengele ilinijibu.

Ile siku mangaribi, Fundi Saidi alikuwa anakusanya vyombo vyake. Nikamukuta.

"Fundi, zile mbao ni wewe?"

Akaona haya. "Kaka, kila siku narudi naona ubao imetoka. Nikasema masikini, kasha inamuvunjikia, hana musumari. Imbwa sigusi, lakini nyumba yake naweza kuigusa. Nikaipanua kidogo kidogo, juu anakua. Niliifanya kama sadaka, sadaka sikutaka kuitangaza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwa vumbi la mbao. Yeye alisimama ana randa mukononi, hajui kama nimekasirika. Nikapangusa macho, nikamuuliza tena: "Na mulango leo, nani alinifungia?"

"Ni mimi."

"Hukuniona mule ndani?"

"Nilikuona vizuri, ulikuwa unakoroma. Watasema alirudi, akachungulia, akakuta fasi imejaa. Akazunguka, akazunguka, mwisho akalala kwa koti. Nikaona ukitoka, na yeye anarudi ndani, na Bosko yuko njiani." Akapuliza vumbi kwa randa, akaifunga mu kitambaa. "Njo nikafunga. Samahani, kaka. Lakini wewe, hakuna mutu alikuwa anakurudisha Wamaza."